Vivushasukari vya Pamba: Jeni, Chavulio na Tatizo la Istilahi

Utangulizi

Chanzo cha makala haya ni kicheko. Mwenzetu mmoja anayefundisha agronomia alituomba tumsaidie kuwafafanulia wanafunzi wake, kwa Kiswahili, maandishi ya Kifaransa yaliyohusu jeni zinazosimamia mwendo wa sukari katika mmea wa pamba, na kazi ya jeni hizo katika kukua kwa chavulio. Bila kufikiri sana, mwandishi aliandika ubaoni maneno "wasafirishaji wa sukari". Darasa zima liliangua kicheko. Hapa Dilolo, mji wa mpakani ulio kwenye reli iendayo Lobito, wasafirishaji wa sukari ni watu wanaojulikana kwa sura: ni wale wanaoleta magunia kutoka Luau, ng'ambo ya Angola, wengine kwa baiskeli, wengine kichwani. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama jeni nazo hulipa ushuru.

Tulicheka pamoja nao, kisha tukajiuliza kosa lilikuwa wapi. Je, Kiswahili hakina uwezo wa kueleza jambo hilo, au ni mwalimu aliyelishika neno la kwanza lililomjia? Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa kulieleza jambo lenyewe kwanza, kwa kuwa istilahi isiyotanguliwa na ufahamu wa kitu ni ganda tupu. Mwandishi si mwanabiolojia. Ni mtu wa lugha aliyelazimika kusoma biolojia ili asichekwe mara ya pili. Jambo hili si la mchezo kwa wanafunzi wetu: wengi wao hufikiri, hubishana na hukariri masomo yao kwa Kiswahili, kisha hufanya mitihani kwa Kifaransa. Kile wasichoweza kukisema bwenini usiku, mara nyingi hawakijui asubuhi.

Sukari inavyofika kwenye ua

Jani ndilo jiko la mmea. Humo, kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa hugeuzwa kuwa sukari. Sukari inayosafiri mbali katika pamba, kama katika mimea mingi, ni sukrosi, ile ile tunayoitia katika chai. Molekuli moja ya sukrosi ni muungano wa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Njia yake ni floemu, mirija hai inayoteremka na kupanda ndani ya shina ikipeleka chakula kutoka pale kinapotengenezwa hadi pale kinapohitajiwa: mizizi, machipukizi, maua, vitumba.

Ni vyema tukumbuke pia kwamba pamba tunayoivaa ni sukari iliyobadilika sura. Kila uzi wa pamba ni seli moja tu iliyorefuka kutoka kwenye ganda la mbegu, na sehemu yake kubwa mno ni selulosi, yaani mnyororo mrefu wa glukosi. Lakini mbegu haipatikani bila utungisho, na utungisho hauwezekani bila chavua nzima. Kwa hiyo kabla ya sukari kufika kwenye nyuzi, lazima sehemu yake ifike kwanza katika chavulio na kuilisha chavua. Njaa ikiingia hapo, yote yanayofuata hayapo.

Tatizo la mmea ni kwamba kila seli imezungukwa na utando, na utando huo umejengwa kwa mafuta. Sukari hupenda maji. Haipiti katika mafuta. Molekuli ya sukrosi ikifika penye utando ni kama msafiri aliyefika ukingoni mwa mto Kasai bila mtumbwi: ng'ambo anaiona, kufika hawezi. Hapana budi pawepo na kitu cha kumvusha. Kitu hicho ni protini iliyojipachika katika utando wenyewe, na maelekezo ya kuijenga protini hiyo yameandikwa katika jeni. Basi tunapozungumza juu ya "jeni za usafirishaji wa sukari", jeni haibebi sukari hata chembe. Jeni ni maandishi. Anayebeba ni protini. Wanafunzi wetu wengi walikuwa wamevichanganya viwili hivyo, na lawama si yao, kwani kifungu kile cha Kifaransa nacho kilikuwa kimevichanganya.

Ushuru wa protoni

Yule mwanafunzi aliyeuliza juu ya ushuru hakukosea sana. Protini hizi zimegawanyika katika aina mbili kubwa kwa kigezo hicho hicho: zinazolipa na zisizolipa.

Aina ya kwanza huvusha sukari hata pale ambapo ng'ambo tayari imejaa sukari kuliko upande huu. Kupanda mlima namna hiyo kunahitaji nguvu. Seli hulipa kwa njia ya werevu: kwanza hutumia nishati kuzisukuma protoni nje ya utando, kisha huziacha protoni hizo zirudi ndani, na kila moja inaporudi huingia pamoja na molekuli ya sukari, mithili ya mtu anayepewa nafasi katika mtumbwi kwa sababu yuko pamoja na mwenye mtumbwi. Katika aina hii wamo SUT, wanaovusha sukrosi, na STP, ambao kazi yao hasa ni kuvusha glukosi na sukari nyingine ndogo. Jeni ya kwanza ya STP katika mimea ilitambuliwa mwaka 1990, na ile ya SUT ilitolewa katika mchicha wa Ulaya mwaka 1992.

Aina ya pili hailipi. Protini ya aina hii ni mlango tu: sukari hupita kutoka penye wingi kwenda penye uhaba, kwa mteremko, ama kuingia ama kutoka. Wanasayansi walijua kwa muda mrefu kwamba lazima mlango kama huo uwepo, kwa kuwa seli zilionekana zikitoa sukari nje na hapakujulikana zinaitoa kwa njia gani. Mwaka 2010 kikundi cha Wolf Frommer, kilichofanya kazi huko Stanford, Marekani, kilitangaza kwamba mlango umepatikana. Uliitwa SWEET, jina lililofupishwa kwa makusudi ili lifanane na neno la Kiingereza lenye maana ya "tamu". Kabla ya mwaka huo, maelezo yoyote ya safari ya sukari katika mmea yalikuwa na pengo katikati. Mwaka 2012 ikabainika kwamba katika jani lenyewe aina hizo mbili hupokezana: SWEET huitoa sukrosi kwenye seli na kuiacha katika nafasi iliyo baina ya kuta za seli, kisha SUT huiokota hapo na kuisukuma ndani ya floemu.

Tukirudi kwenye lugha, sasa inaonekana kwa nini "msafirishaji" halifai. Kwanza, ngeli ya M-/WA- humleta mtu mbele ya macho, na ndiyo iliyozua kicheko. Pili, kusafirisha ni kupeleka mbali, ilhali protini hizi hazisogei hata kidogo kutoka mahali pake. Zinachofanya ni kuvusha. Kiswahili kina kitenzi vuka, nacho kimezaa vusha na kivuko. Aidha, Kiswahili kina utaratibu uliokwisha kuzoeleka wa kuunda majina ya vyombo kwa kuunganisha kitenzi na nomino katika ngeli ya KI-/VI-: kipimajoto, kinasasauti. Kwa kufuata utaratibu huo tunapendekeza kivushasukari, wingi vivushasukari. SUT na STP ni vivushasukari vya mpando. SWEET ni vivushasukari vya mteremko. Wapo watakaosema kwamba "kipitishi" ni fupi zaidi. Ni kweli, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na walimu wa fizikia kwa vitu vinavyopitisha umeme, na kuwanyang'anya si adabu.

Jamaa au ukoo?

Vivushasukari havipatikani kimoja kimoja. Katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis thaliana, ambao wanabiolojia wanautumia kama sisi tunavyotumia sentensi ya mfano, kuna jeni 17 za SWEET, 14 za STP na 9 za SUT. Mpunga una 21 za SWEET. Pamba ya kawaida, Gossypium hirsutum, ina zaidi ya 50. Kundi la jeni zinazofanana kwa sababu zimetokana na jeni moja ya kale iliyojirudufu mara nyingi, Kifaransa na Kiingereza huliita kwa neno lenye maana ya familia.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam na msomaji wa Kolwezi watatofautiana. Katika Kiswahili cha Katanga, familia ni jamaa. Ndilo neno la nyumbani. Lakini Kolwezi neno hilo lina historia yake: katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels alipokuwa akifanya kazi miongoni mwa wachimba madini, kundi la kidini lililokua kutokana na mafundisho yake liliitwa Jamaa, na wazee wa huko wakilisikia neno hilo bado hulikumbuka kundi lile kwanza. Kwa upande wa pwani na Tanzania, "jamaa" aghalabu ni mtu fulani tu, ndugu au hata asiye ndugu. Sisi tunaona ukoo ni bora zaidi, kwa sababu kinachoziunganisha jeni hizi si kuishi pamoja bali ni kushuka kutoka kwa babu mmoja. Hata zikiwa zimetawanyika katika kromosomu tofauti, na hata zikiwa zimeacha kufanya kazi moja, ukoo wao ni ule ule. Tutasema basi ukoo wa SWEET, ukoo wa STP, ukoo wa SUT.

Kwa nini ukoo wa pamba ni mkubwa hivyo? Pamba ya kawaida ni mtoto wa ndoa ya mbali. Miaka milioni moja au mbili iliyopita, mmea wa kundi liitwalo A, ambalo jamaa zake wa leo wako Afrika na Asia, ulikutana na mmea wa kundi D, ambalo makao yake ni Amerika. Ndugu wa karibu wa mzazi huyo wa pili ni Gossypium raimondii wa Peru. Mtoto aliyezaliwa hakuchagua baina ya urithi wa baba na wa mama. Alivichukua vyote viwili kamili. Ndiyo maana pamba hii ina kromosomu 52, yaani jozi 13 za A na jozi 13 za D, na karibu kila jeni ipo mara mbili. Aliyekuwa mama katika ndoa hiyo ni A, kwa kuwa sehemu za seli zinazorithiwa kupitia yai peke yake, mitokondria zikiwemo, ni za upande huo. Wanafunzi wetu Watchokwe, ambao kwao ukoo huhesabiwa kwa mama, walilifahamu jambo hili haraka kuliko mwalimu wao.

Afrika yetu haimo katika hadithi hii kwa upande wa A peke yake. Pamba mwitu Gossypium anomalum huota Angola, jirani yetu, na Gossypium longicalyx, iliyoelezwa kitaalamu na Hutchinson na Lee mwaka 1958, ni ya Afrika ya Mashariki. Zote mbili hazina nyuzi za maana sokoni, lakini wafugaji wa mbegu huzitazama kwa hamu kwa ajili ya jeni zao.

Urithi wote wa kundi D ulisomwa kwa ukamilifu mwaka 2012, wa A mwaka 2014, na wa pamba yetu ya kawaida mwaka 2015. Tangu hapo kuhesabu koo za jeni kumekuwa kazi ya kompyuta, na matoleo ya hesabu hizo ni mengi kiasi cha kuchosha. Msomaji asidanganyike: kuijua idadi ya ukoo si kujua kazi ya kila mwanaukoo.

Jambo moja la kumfurahisha mtu wa mofolojia. Chukua jina GhSWEET10D. Gh ni kiambishi awali kinachotaja spishi, Gossypium hirsutum. SWEET ni mzizi, ndio ukoo. 10 ni nambari ya mwanaukoo. D ni kiambishi tamati kinachosema ni nakala ya upande wa D. Mtu akijua kulichanganua neno "hatutawapigia" hana sababu ya kuliogopa jina hili. Lakini kuna mtego: At mwanzoni mwa jina humaanisha Arabidopsis thaliana, na At hiyo hiyo, wataalamu wa pamba wakiitaja, huweza kumaanisha upande wa A katika pamba yenye urithi maradufu. Homonimia haikuachia hata maabara.

Ndani ya chavulio

Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe au la manjano hafifu, na kesho yake huwa limegeuka la waridi na kunyauka. Katikati yake pamesimama mnara mwembamba uliozungukwa na stameni nyingi, zinazoweza kufika mia moja na zaidi. Kila stameni ni uzi mfupi wenye kifuko juu. Kifuko hicho ndicho chavulio, na ndani yake hutengenezwa chavua. Chavua ya pamba ni kubwa, ina miiba na hunata. Upepo hauibebi, nyuki ndiye huibeba.

Kazi ya kutengeneza chavua huanza muda mrefu kabla ya ua kufunguka, wakati kitumba kingali kidogo na hakuna mkulima anayekitazama. Ukuta wa chavulio una tabaka kadhaa, na tabaka la ndani kabisa huitwa tapetumu, kutokana na neno la Kilatini la zulia. Seli za tapetumu ni walezi. Hula, hunenepa, hutoa chakula na vifaa vya kujengea ganda la chavua, kisha kwa wakati uliopangwa hufa, na mabaki yao hutumiwa pia. Wakifa mapema, watoto hufa njaa. Wakichelewa kufa, watoto huharibika vilevile.

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari. Sehemu nyingi za mmea zina vijia vyembamba vinavyopita katika kuta na kuunganisha seli na seli, hivyo sukari huweza kupita bila kuvuka utando. Lakini chavua changa imetengwa. Baina yake na tapetumu hakuna vijia. Kuna umajimaji tu wa uvungu wa chavulio. Watoto wako kisiwani. Kila chembe ya sukari inayowafikia lazima itolewe nje ya utando wa mlezi, ipite majini, kisha iingizwe kupitia utando wa mtoto. Kwa hiyo kila aina ya kivushasukari ina zamu yake.

Kwa muhtasari safari ni hii. Sukrosi hufika kwa floemu kupitia uzi wa stameni. Hutoka nje ya seli kwa vivushasukari vya mteremko. Katika nafasi iliyo baina ya seli hukutana na kimeng'enya kiitwacho invatesi, kilichojishika ukutani, ambacho huikata vipande viwili: glukosi na fruktosi. Kisha vivushasukari vya mpando vya ukoo wa STP huvivuta vipande hivyo hadi ndani ya seli zinazovihitaji, chavua changa ikiwa mojawapo. Huko baadhi huchomwa kuleta nishati, baadhi hujenga ukuta, baadhi huwekwa akiba kwa ajili ya safari ya mwisho, pale chavua itakapoota mrija wa kulifikia yai.

Tumejuaje kwamba mambo ni hivyo? Kwa kuharibu. Mwanaisimu huonyesha kazi ya kiambishi kwa kukiondoa na kutazama sentensi inavyopotoka. Mwanabiolojia hufanya vivyo hivyo na jeni. Katika Arabidopsis, jeni ambayo leo huitwa SWEET8 ilielezwa mwaka 2008, kabla hata ukoo wake haujapewa jina: ikiharibiwa, ganda la chavua halijengeki sawasawa na chembe za chavua hupasuka. Katika tumbaku, mwaka 2001 watafiti waliizima invatesi ya chavulio, na mimea ikakosa chavua yenye uwezo. Katika mpunga, mwaka 2010 wachunguzi wa Shanghai walieleza jeni ambayo, ikipotea, hupunguza nguvu ya kivushasukari kimoja cha chavulio. Matokeo yake majani na mashina yalijaa sukari huku chavulio likikosa. Ghala limejaa, mtoto analala na njaa, na kilichokosekana ni mvushaji. Mfano huu wa mpunga ndio tunaoutumia darasani, kwa sababu unaondoa kabisa dhana kwamba mmea wenye afya ya majani lazima uwe na afya ya maua.

SWEET13 na SWEET14 za Arabidopsis zilileta jambo la ajabu mwaka 2016: zote mbili zikiharibiwa kwa pamoja, chavulio huchelewa kupasuka na kutoa chavua, na imeonekana kwamba milango hiyo hupitisha pia homoni ya ukuaji iitwayo giberelini. Yaani mlango uliopewa jina la utamu hupitisha na wengine. Jina la kitu si mipaka ya kazi yake; hilo nalo wanaisimu wanalijua.

Joto, na maua yasiyochavusha

Kwa pamba yenyewe, kazi tunayoiona kuwa ya kufaa kutajwa ni ile ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, huko Wuhan, China, iliyochapishwa mwaka 2013 na 2014. Walilinganisha pamba inayovumilia joto na isiyovumilia, wakaona kwamba joto kali huvuruga mambo mawili ndani ya chavulio: matumizi ya sukari na homoni ya oksini. Jeni moja iitwayo GhCKI ikizidi kufanya kazi, tapetumu huchelewa kufa, chavua huharibika na chavulio hushindwa kufunguka.

Hili lina maana kwa mtu wa shamba. Joto linalodhuru si la siku ua linapofunguka peke yake. Chavua huwa ilikwisha kudhurika wiki mbili tatu nyuma, ndani ya kitumba. Mkulima anapoona maua yanadondoka bila kufunga tumba, hulaumu mvua ya jana au mdudu wa leo, wakati sababu ilipita zamani. Kumweleza hivyo kunahitaji maneno, na maneno hayo hayawezi kuwa ya Kifaransa.

Wapo pia wanaoitafuta hali hiyo kwa makusudi. Ua la pamba lina sehemu za kiume na za kike pamoja na huweza kujichavusha. Anayetaka mbegu chotara lazima aziondoe stameni kwa mkono, ua baada ya ua. Ndivyo ilivyozalishwa H-4, pamba chotara ya kwanza ya biashara, iliyotolewa Gujarat, India, mwaka 1970 kwa kazi ya C. T. Patel. Njia nyepesi ni kupata mmea usiotoa chavua nzima. Mwaka 1975 Meyer, nchini Marekani, alieleza hali hiyo katika pamba iliyopewa saitoplazimu ya spishi mwitu Gossypium harknessii, na kwa kuwa urithi wake umo katika saitoplazimu, hupita kwa mama peke yake. Ni teknolojia nzuri kwa kampuni. Kwa mkulima ni sharti la kununua mbegu kila mwaka, maana mbegu za chotara zikipandwa tena sifa zake hutawanyika. Katika nchi ambayo mwaka 1917 iliwekewa amri ya mazao ya lazima, na ambamo tangu 1920 kampuni ya Cotonco ilinunua pamba ya wanakijiji wasiokuwa na hiari ya kutolima, swali la nani anaishika mbegu halisikiki kama swali la maabara. Anayetaka kujua wanavijiji walivyoishi na pamba hiyo asome kitabu cha Osumaka Likaka cha mwaka 1997.

Hali hiyo tuiiteje? Kamusi zina tasa na gumba, lakini maneno hayo yamezoea kumwangukia mwanamke. Hanithi ni tusi. Tulipoandika "utasa wa kiume" wanafunzi wa kike walilipokea upesi, wa kiume walinung'unika, wakidai kwamba tasa ni mwanamke. Tukawaonyesha picha: upande wa kike wa ua ni mzima kabisa, unangoja chavua isiyokuja. Neno limebaki.

Mwizi wa sukari

Tumalizie na habari inayotugusa zaidi sisi wa Afrika ya Kati na Mashariki. Pamba ina ugonjwa unaoletwa na bakteria wa jenasi Xanthomonas: madoa yenye pembe kwenye majani, weusi kwenye matawi, kuoza kwa tumba. Kwa miongo mingi ugonjwa huu ulikuwa shughuli kuu ya wafugaji wa mbegu wa sehemu zetu. R. L. Knight aliutafutia jeni za ukinzani huko Sudan. Namulonge nchini Uganda na Ukiriguru karibu na Mwanza ziliendeleza pamba za ukoo wa Albar, ambazo jina lake lenyewe limeundwa kutokana na pamba ya Allen na ukinzani wake. (Herufi UK katika majina ya mbegu za Tanzania, kama UK 91, ni Ukiriguru, si Uingereza, tumewahi kusahihisha kosa hilo katika karatasi za wanafunzi.)

Wafugaji wale walijua mbegu ipi inastahimili. Kwa nini mmea mwingine huugua, walikuwa hawajui. Mwaka 2017 ilichapishwa sehemu ya jibu: bakteria hudunga protini yake ndani ya seli ya pamba, protini hiyo huenda moja kwa moja hadi kwenye jeni GhSWEET10 na kuiamsha wakati isiostahili kuamka. Mlango wa mteremko hufunguka, sukari humwagika nje, na dalili za ugonjwa hukolea. Mwizi havunji nyumba. Humfanya mwenye nyumba afungue mwenyewe. Ukoo ule ule wa milango unaoilisha chavua ndio unaomfungulia mgeni huyu, na ndiyo sababu haiwezekani kuuondoa wote ili kuzuia ugonjwa: ukiifunga milango yote, ugonjwa utakosa chakula, na chavulio nalo.

Wafugaji wa mbegu wanaotafuta njia sasa huulizia jambo dogo zaidi, nalo ni kubadilisha herufi chache tu za mahali pale bakteria anaposhika, kwenye sehemu inayotangulia jeni, na kuiacha jeni yenyewe kama ilivyo. Tulipolieleza hilo, mwanafunzi yule yule wa ushuru alisema kwamba ni kubadili kitasa bila kugusa mlango. Tumelichukua neno lake, na katika orodha ya istilahi tunayoiandaa pamoja na idara ya agronomia, sehemu hiyo ya jeni imeandikwa kitasa, ikingoja maoni ya wasomaji.